Chombo cha maua chenye maghorofa ya New York, mimi nakitazama kwa nyuma

Kuna kitu picha za muuzaji hazionyeshi kabisa, hiki chombo kina sura mbili. Maghorofa yamechorwa upande mmoja tu wa kioo, kwa nje, so ukikitazama kwa mbele unaiona Manhattan, kile kisiwa cha katikati ya New York, kama umesimama New Jersey ng'ambo ya mto Hudson upande wa magharibi, jengo la Empire State liko kushoto na One World Trade Center kulia kabisa kule kwenye ncha ya kisiwa. Sasa kizungushe uangalie kwa nyuma kupitia kioo, kila kitu kimehama, One World Trade iko kushoto, yaani vilevile anavyouona mji mtu aliyeko Brooklyn, ng'ambo ya pili upande wa mashariki!! Fundi awe alikusudia au la mi nimependa, na dirishani kwangu kimekaa hivyohivyo kinyumenyume.

Ukijaza maji ndo burudani. Kwa upande huo wa nyuma majengo yanatanuka upana karibu mara mbili ila urefu uko palepale, jengo la Chrysler na mchongoko wake wote wa 1930 linageuka bonge.

Kioo chenyewe kimepulizwa kwa mdomo kweli. Chini kuna kovu la duara pale fimbo ya chuma ilipokishikilia kikiwa bado cha moto, viputo viwili vitatu, na ukuta wa upande mmoja mnene kuliko mwingine. Hizo sio kasoro jamani, msirudishe mzigo kwa sababu ya viputo.

Ila kwenye "mchoro wa mkono" tangazo limetia chumvi. Huu ni mchanga uliorushwa kwa presha ya hewa, unabandika stika iliyokatwa umbo la majengo, sehemu iliyoachwa wazi inakwanguliwa inakuwa nyeupe ya ukungu, basi. Angalia madirisha yalivyonyooka, hakuna mkono unaotetema hapo. Kubandika stika kwenye kioo cha duara kunataka subira na kazi imetoka safi, lakini si waseme tu ilivyo?

Mchoro nao ni wa zamani kidogo. One World Trade iliyofunguliwa 2014 ipo, lakini 432 Park Avenue, ule mnara mwembamba wa mita 426, haupo, wala wenzake wa karibu na Central Park. Halafu One World Trade ina mita 541 na Empire State na antena yake ni 443 ila hapa wamelingana, hilo nalisamehe maana lililo karibu na macho huonekana refu.

Kuosha: kikilowa nje majengo yanafifia karibu yapotee, usipaniki, maji yamejaa kwenye vile vikwaruzo na kikikauka yanarudi. Shida ni mafuta ya vidole, hayo hayakauki, sugua na sabuni ya vyombo na mswaki laini. Maji ya moto ya ghafla hapana, kioo cha unene usiolingana hupasuka.

Nyota nne, ya tano nimeikata kwa sababu ya lile tangazo. Na maua usijaze, mabua yanaziba madirisha yote, mawili matatu yanatosha au weka maji matupu.