Pikipiki ya lami na vumbi kwa safari za porini: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Pikipiki kama Honda CRF300L, Suzuki DR650 au Kawasaki KLR650 hutoka kiwandani tayari kwa lami na vumbi, ila si kwa mtu aliyebeba hema, maji na vipuri vya wiki nzima. Orodha hii imepangwa kwa swali moja: ukikosa kifaa hiki, safari inakwama au raha inapungua tu? Vinavyokwamisha vimetangulia. Kila unachotaka kufunga kipime kwanza kwa kilo, kwa sababu uzito ndio unaochosha springi, breki na wewe mwenyewe.

Kabla ya kufungua pochi, maliza udhaifu unaojulikana wa pikipiki yako. KLR650 za 1987 hadi 2007 zina wenzo wa kukazia cheni ya balansa (sehemu inayopunguza mtetemo wa injini) ambao huvunjika. Mbadala imara upo na ni wa bei nafuu kuliko injini. Kwenye DR650, skrubu mbili za swichi ya nutro hulegea na zinaweza kuangukia ndani ya injini. Zitie gundi ya kuzuia skrubu zisilegee au uzifunge kwa waya.

1. Tairi na tyubu

Hakuna kinachobadilisha pikipiki haraka kama tairi. Saizi za kawaida ni inchi 21 mbele na 18 nyuma (baadhi, kama DR650 na KLR650, zina 17 nyuma), kwa hiyo chaguo ni pana. Kama zaidi ya nusu ya njia yako ni lami, Mitas E-07 nyuma itadumu, ila kwenye tope zito itajaa na kuteleza. Continental TKC 80 inashika vizuri zaidi vumbini na huisha mapema kwenye lami. Mchanganyiko tunaoupendekeza ni tairi ya meno makubwa mbele na ya wastani nyuma: gurudumu la mbele likiteleza umeanguka, la nyuma likiteleza mara nyingi unalirudisha.

Tyubu za kiwandani ni nyembamba. Nunua nene, za milimita 3 hadi 4. Ukiwa na mzigo, upepo wa psi 20 hadi 22 unafaa kwa changarawe. Lami ndefu inataka 28 au zaidi. Chini ya 18 bila kibano cha rimu (kifaa kinachobana tairi kwenye rimu), tairi huzunguka kwenye rimu, huvuta tyubu na kung'oa shina la valvu. Ndiyo maana nati ya valvu isikazwe kwenye rimu. Ipandishe juu hadi ikutane na kifuniko, uache shina huru. Ukiliona limelala upande, tyubu imeanza kuhama. Toa upepo, irudishe mahali pake kabla haijachanika.

Beba tyubu moja ya 21. Kwa dharura inaingia hata kwenye tairi la nyuma la 18, japo itajikunja kidogo. Ya 18 haikubali mbele kwa urahisi hivyo.

2. Kinga

Kinga ya chini ya injini ya kiwandani mara nyingi ni plastiki tupu. Tafuta ya alumini ya milimita 4, inayopanda pembeni hadi kufunika mifuniko ya injini, yenye tundu la kumwagia oili bila kuifungua. Angalia pia inafungwa wapi: inayoshikwa na fremu inahamishia pigo kwenye fremu, inayoshikwa na boliti za injini inahamishia kwenye injini yenyewe.

Kinga za mikono ziwe na chuma cha ndani kinachoshika usukani sehemu mbili. Za plastiki pekee huzuia upepo na matawi, basi. Unapofunga, zungushia usukani utepe wa tefloni chini ya vishikio vya leva, kisha kaza kiasi tu. Pikipiki ikianguka leva itazunguka badala ya kuvunjika. Pikipiki yenye rejeta iongezewe kinga ya rejeta.

3. Mabegi, kabla ya springi

Wengi hununua springi kwanza halafu wanagundua mzigo wao ni kilo 25, si 12. Chagua mabegi, yajaze, yapime, ndipo uagize springi.

Mabegi laini yanashinda masanduku ya alumini kwenye pikipiki hizi. Ni mepesi, na mguu ukibanwa chini yake mchangani hauvunjiki kirahisi. Masanduku yana kufuli na yanakaa wima, lakini fremu ya nyuma ya pikipiki ndogo haikuundwa kuyabeba. Hupasuka kwenye maungio ya kulehemu. Soma kikomo cha kerea kwenye kitabu cha pikipiki, mara nyingi ni kidogo kuliko unavyodhani. Vizito (zana, maji) viwe chini na karibu na kiti. Upande wa ekzosi weka bamba la kuzuia joto, la sivyo begi litayeyuka.

4. Springi

CRF300L inajulikana kwa ulaini wake. Kukaza preloadi (mbano wa awali wa springi) hakuimarishi springi dhaifu. Kunainua pikipiki tu. Pima hivi: gurudumu la nyuma likiwa hewani, pima kutoka ekseli hadi alama kwenye madigadi. Kisha kaa na mzigo wote na upime tena. Tofauti iwe karibu theluthi moja ya mwendo wa gurudumu, yaani umbali wote ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka. Kwa mwendo wa milimita 260, ni kama 80 hadi 85. Ukishalipata hilo, shuka na utoe mzigo. Ikiwa pikipiki peke yake haishuki hata milimita 20, springi ni laini mno na umeibana kupita kiasi. Badilisha mbele na nyuma kwa pamoja.

5. Tangi

CRF300L hubeba lita 7.8. Kwa kilomita 28 kwa lita unapata kama 218; kwenye mchanga na mzigo ikishuka hadi 22, unabaki na 170. Kama vituo vyako viko karibu zaidi ya hapo, dumu dogo la lita 3 linatosha. Tangi kubwa linastahili pale tu ambapo dumu litakuwa la kila siku. Kwenye pikipiki za sindano (zisizotumia kabureta) itabidi uhamishe pampu ya petroli: nunua oringi (mpira wa duara wa kuziba) mpya mapema, maana ya zamani huvimba ikitoka na hairudi.

6. Gia

Ni badiliko la bei ndogo, lakini lina matokeo makubwa. Sproketi (magurudumu ya meno ya cheni) za CRF300L zina meno 14 mbele na 40 nyuma. Kuweka 13 mbele, ili pikipiki ivute vizuri kwenye mwendo mdogo, ni karibu sawa na kuweka 43 nyuma, ila sproketi ndogo hukunja cheni zaidi na kula plastiki inayolinda mkono wa nyuma dhidi ya cheni.

7. Usukani, kiti, umeme

Kiinua usukani cha milimita 20 hadi 30 kinamsaidia mrefu anayesimama. Zungusha usukani pande zote mbili uone kama nyaya zinavutika. Kiti ni suala la mwili wako, kijaribu kwanza. Umeme wa ziada uchukue kwenye betri kupitia fyuzi iliyo karibu nayo, na relei (swichi ya umeme) inayowashwa na waya wa taa ya nyuma, ili simu isinyonye betri usiku.

8. Ekzosi

Ya mwisho, na wengi huanza nayo. Faida ya kweli ni kilo 2 au 3 zinazopungua. Nguvu inayoongezeka ni ndogo, kelele inakuchosha kabla ya saa sita mchana, na pikipiki ya sindano inaweza kuchoma ikiwa na petroli kidogo mno hadi ramani yake (mpangilio wa kompyuta wa kiasi cha petroli) irekebishwe. Ukiamua kuinunua, pima kwanza nafasi kati yake na begi.