Nilimuuliza konzi ya nani, akanicheka

Niseme mapema: ile chai ya atemisia, majani yanayouzwa kama dawa ya malaria, sina ugomvi nayo sana. Ugomvi wangu ni na yule kijana wa koti jeupe aliyeniuzia dukani.

Masika iliyopita mwanangu wa miaka 9 alipandisha homa usiku, anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Asubuhi nikaiwaza foleni ya zahanati, nikaona nipite kwenye duka la dawa za asili pale njia ya sokoni, ambalo shoga zangu wote wanalisifia. Nikauziwa pakiti ya majani makavu ya atemisia ya Kichina (siyo pakanga ya milimani kwetu, ile ni ndugu yake tu). Juu yake pameandikwa kwa kalamu: malaria, taifodi, sukari, presha, nguvu za kiume. Hapo tu ningeshtuka.

"Kijana wangu, nampa kiasi gani?" Hakuinua macho kwenye simu. "Konzi moja, mama. Chemsha nusu saa, anywe asubuhi na jioni." Konzi ya nani? Yangu au yake? Maana kijana ana mikono kama ya mpiga zege. Nikamuuliza hivyohivyo. Akamgeukia mwenzake, akacheka: "Huyu mama kazoea vidonge vya Wazungu. Vidonge ndivyo vinavyowamaliza maini." Wateja wote wakaangua kicheko. Nikalipa, nikatoka kama mwizi.

Chai ni chungu, shubiri ina nafuu. Kikombe cha kwanza mtoto alikitapika chote, cha pili tulikisukuma kwa sukari guru. Lakini kesho yake homa ikashuka, na keshokutwa yuko nje anapiga chandimu! Nikamsamehe kijana na kicheko chake. Nikaisifia ile dawa hadi kwenye kikoba chetu, na jirani yangu nikamgawia nusu ya pakiti.

Wiki mbili hazikutimia, mtoto akaanguka tena, safari hii anaweweseka. Nikambeba mbio zahanati. Nesi akamtoboa kidole, kipimo kikatoa mistari miwili, yaani malaria ipo. Akampandisha kwenye mizani: kilo 27. Vidonge 3 vya mseto, dawa ya malaria, mara 6 ndani ya siku 3, ameze na kitu chenye mafuta. Hakuna konzi. Nilipokiri nilichompa mwanzo, hakunifokea. Aliweka kidole kwenye boksi la mseto akasema, "Mama, dawa mojawapo humu, atemeta, chanzo chake ni majani hayohayo uliyochemsha."

Vidonge vya Wazungu! Usiku ule nilisoma mpaka simu ikazima chaji. Mzungu namtafuta simwoni. Namwona Tu Youyou, mama wa Kichina, aliyeingizwa mwaka 1969 kwenye Mradi 523, mradi wa siri wa serikali yao wa kusaka dawa ya malaria wakati wa vita vya Vietnam. Dawa waliyoikamua kwenye mmea huu leo inafanya kazi, kesho haifanyi. Akarudi kwenye maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4: loweka konzi ya majani kwenye maji, kamua, unywe. Moto hautajwi popote! Akahisi joto ndilo linaloiharibu dawa, akahamia kwenye etha, kimiminika cha kuyeyushia dawa kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu, na mwaka 1971 vimelea vya malaria vikafyekwa kwa panya na nyani. Mwaka uliofuata akaimeza mwenyewe kwanza, kabla ya wagonjwa. Tuzo ya Nobel akapewa 2015. Kumbe hata huyo alianzia kwenye konzi, ila hakuishia hapo. Na mimi nimeambiwa nichemshe nusu saa!

Basi, hasira zisinipeleke pabaya. Maji ya moto hayaiondoi dawa yote. Kongo waliwahi kuwajaribu wagonjwa kwa chai hii, majani yamepimwa vizuri, matokeo yakachapishwa 2004: siku ya 7 wastani wa watu 74 kwa 100 walikuwa hawana vimelea, waliopewa kwinini, dawa ya zamani ya malaria, 91. Baada ya hapo wengi wa chai malaria ikawarudia. Nikasoma nikamwona mwanangu. Dawa ya majani haya inapiga haraka na kutoka mwilini haraka, ndiyo maana kwenye mseto kuna lumefantrini ya kumalizia vimelea vilivyobaki. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2019 kwamba haliungi mkono chai wala unga wake: kiasi cha dawa kwenye majani hakitabiriki, na dozi pungufu inaweza kuvifundisha vimelea usugu. Mkoani Kagera, Tanzania, tayari kuna vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa hii.

Nilirudi dukani. Nikamweleza kijana yote haya nimesimama mlangoni, wateja wanasikia. Akatabasamu: "Si unaona sasa, mama? Hata hospitali wanatumia dawa yetu." Yetu! Sikuwa na jibu, maana nusu ya maneno yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyonichoma. Angesema tu "kiasi sijui, mama, kampime kwanza mtoto", leo ningekuwa namsifia.

Nilidhamiria kumpa kijana nyota sifuri kwenye maoni haya ya duka lao. Lakini mtoto alicheza mpira, siwezi kukana, na huenda homa ya pili ilitokana na mbu mwingine kabisa, nesi hakukataa. Basi nyota mbili. Hapana, nikikumbuka mtoto alivyoweweseka akiniita bibi yake, hanitambui: moja.

Jirani yangu bado anainywa ile nusu niliyomgawia. Nimemfuata mara mbili kumwomba aende akapime. Anasema anajisikia vizuri sana, na ananishukuru.