Kipimo kilichoipata tezi mbovu shingoni mwangu

Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba. Mawe ya figo yamenishika mara mbili, kiu haikatiki, mifupa inauma usiku kucha. Damu ilipopimwa, kalsiamu imezidi na homoni ya parathairoidi iko juu. Tezi zinazoitoa kwa kawaida ni nne, kila moja kama punje ya mchele, zimejificha nyuma ya thairoidi, tezi kubwa iliyo mbele ya shingo. Mara nyingi inayoharibika ni moja tu. Ipi? Hapo ndipo picha inapohitajika.

Nilianza na altrasaundi. Mpimaji akaniambia, "Mama, shingo yako safi, huna ugonjwa." Nikamwamini, nikakaa nyumbani miezi saba nikizidi kudhoofika. Hadi leo jambo hili linaniuma. Ugonjwa huu hujulikana kwa damu. Picha ni ya kumwonyesha mpasuaji pa kukata, na isipoonyesha kitu haina maana kwamba umepona.

Daktari mmoja wa Unguja, Mungu amlipe kheri, ndiye aliyenifahamisha hayo, akaniandikia kipimo cha sestamibi, yaani picha ya kutafuta tezi mbovu kwa dawa yenye mionzi, Dar es Salaam. Nikapanda boti Mkoani.

Kipimo chenyewe hakiumi kushinda sindano ya kawaida. Unachomwa mshipani dawa yenye mionzi kidogo, kisha unalazwa chali, shingo imenyooka, kamera inapiga shingo na kifua, maana tezi nyingine hushuka hadi kifuani. Unangoja kama saa mbili, unapigwa tena. Kungoja kule ndiko kwenye siri yote: thairoidi huinywa dawa ikaiachia upesi, lakini tezi iliyozidisha kazi huing'ang'ania. Nilionyeshwa picha zote mbili. Ya kwanza shingo nzima inawaka. Ya pili thairoidi imefifia, limebaki doa moja tu, chini kushoto. Nililia palepale, kwa miaka yote niliyoambiwa ni uzee.

Nguvu ya mionzi ile hupungua nusu kila saa 6. Niliambiwa ninywe maji mengi na nisimpakate mjukuu wangu siku ile. Mwenye mimba au anayenyonyesha aseme mapema, kabla hajachomwa.

Gharama na safari ni nzito kwa mtu wa Pemba, sitaficha. Lakini mpasuaji alikata kidogo tu, palepale penye doa, akaitoa. Kiu ilikatika wiki ile ile.