Chevrolet Camaro Z/28 ya 1969 au Ford Mustang Boss 302 ya 1970: mkusanyaji achukue ipi?

Ukiyatazama kwa takwimu, magari haya ni mapacha. Mashindano ya magari ya Trans-Am ya Marekani yaliweka kikomo cha inchi za ujazo 305, yaani lita 5, na Chevrolet na Ford wote wakaja na injini ya 302. Zote zilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 290, zote zina kabureta ya Holley ya 780 (futi za ujazo za hewa kwa dakika), na zote ni gia nne za mkono tu. Tofauti inayomhusu mnunuzi ni nyingine: ni rahisi kiasi gani kutapeliwa.

Boss hujieleza yenyewe. Namba yake ya chasisi huanza na 0F02G: 0 ni mwaka 1970, F ni kiwanda cha Dearborn, 02 ni umbo la bodi na G ni injini yenyewe. Kama hakuna G, hiyo ni Mustang iliyopakwa mistari. Kisha agiza Marti Report, inayotolewa kwenye kumbukumbu za Ford, uone gari lilivyotoka kiwandani.

Namba ya Z/28 inasema V8 tu, basi. Zilizotoka kiwanda cha Norwood kuanzia Desemba 1968 zina alama ya Z/28, X33 au X77, kwenye kibati cha bodi. Za kiwanda cha Los Angeles hazina. Kwa hiyo ushahidi mkubwa uko kwenye injini. Futa grisi kwenye bapa lililo mbele ya silinda hedi ya kulia na umulike tochi kwa ubavu. Utafute herufi DZ, ambazo ni alama ya injini ya Z/28, sehemu ya namba ya chasisi, na mistari myembamba ya mashine ya kiwandani inayotoka mbele kwenda nyuma. Bapa likiwa laini kama kioo, bloku limesagwa, na hapo namba yoyote inaweza kuwa imegongwa jana.

Kwa ufundi, Z/28 haina makuu. Spea za V8 ndogo ya Chevrolet zimejaa Marekani nzima. Ila mgandamizo wa 11:1 hautaki petroli ya oktani ndogo, injini itagonga. Tapeti huwekwa inchi 0.030 injini ikiwa moto, kwa hiyo kelele kidogo si ugonjwa. Tumia oili yenye zinki ya kutosha, la sivyo kamshafti inalika. Na usitarajie mvuto mjini: hii injini huamka ikishapita raundi 4,000.

Boss ina kidonda kimoja kinachojulikana: sketi za pistoni za kiwandani hupasuka na vipande kuangukia kwenye sampo. Dai risiti ya pistoni mpya za kufuliwa (forged). Kama haipo, sampo ishushwe kabla ya kulipa. Kubadilisha pistoni hakuonekani kwa nje, na mnunuzi mwenye akili hapunguzi bei kwa sababu hiyo. Kagua pia nyufa pale shokapu za mbele zinapofungwa.

Mimi ningechukua Boss. Z/28 ningeigusa tu kama bapa halijachezewa na karatasi zake zimekamilika.

Kabla ya kukubaliana na muuza Boss, mimina lita mbili za maji kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, kisha papasa zulia la miguuni. Likilowa, kutu imeshatoboa humo ndani, na kupafikia kuna kukata na kuchomelea.