Lebo zetu waliziharibu kwa ritifaa, ile alama ya (')
Nimeacha siku kadhaa zipite ndipo niandike, na bado nina hasira.

Kikundi chetu cha akina mama hapa Tanga kinakamua mafuta ya nazi. Tulichangishana tukapeleka oda ya lebo kwenye duka moja la steshenari Ngamiani. Maneno niliyaandika mwenyewe, herufi kubwa: TANGA WOMEN'S COCONUT OIL. Narudi kuchukua, bunda zima linasema TANGA'S WOMENS' COCONUT OIL. Zimeshaprintiwa, zimeshakatwa.

Nikamwuliza kijana wa kompyuta kwa upole: mwanangu, mbona sivyo nilivyoandika? Hata uso hakuinua. "Mama, nimekurekebishia. Mkiwa wengi, hako kakoma kanakaa mwisho." Mbele ya wateja!

Jamani, kanuni hiyo ni ya girls', wingi uliotokana na s. Women tayari ni wingi, kwa hiyo ritifaa inaitangulia s, kama men's na children's. Na Tanga pale ni jina linaloeleza tu mafuta yanatoka wapi. Halidai s wala ritifaa. Najua kinachowachanganya watu: sisi -a yetu inabeba yote, mafuta ya mama, mafuta ya Tanga, basi wanadhani na Kiingereza ni hivyo hivyo. Lakini mtu anayeandika ng'ombe tangu darasa la kwanza hawezi kuniambia alama ile ikae popote. Isogeze herufi moja tu, uone kama utasoma ng'ombe.

Akanionyesha kwenye simu: London kuna stesheni ya treni ya Barons Court, haina ritifaa. Kweli, na kwenye njia ya Piccadilly kituo cha jirani ni Earl's Court, chenye ritifaa. Majina ya mahali yana mazoea yake, hapo nilimkubalia. Women si jina la mahali.

Haki yao niwape: rangi zimetoka safi, ule mnazi wameuchora vizuri mno. Nilitaka kuwapa nyota tatu, na kama kazi yako ni ya Kiswahili, nenda tu. Ila kila nikikumbuka alivyonimalizia, "Nani atasoma hiyo, mama? Watu wanataka mafuta." Nasoma mimi! Anasoma mnunuzi! Ile ilikuwa hela ya mboga ya akina mama kumi na wawili, na kuturudishia au kuprinti upya wamekataa.

Nyota moja. Na hapana, hata kwa Kiswahili msiende. Lebo zimo kwenye boksi chini ya meza yangu, hatujabandika hata moja.