Boya la Kuteleza kwa Stilhedi: Lisome Linavyoinama

Karibuni tena, hasa ninyi mlioko Oregon na Washington mnaoanza kuvua mtoni. Leo nina boya la povu la kuteleza, lenye tundu katikati, la kuvulia stilhedi. Huyu ni trauti yuleyule aliyepandikizwa kwenye mito ya Mlima Kenya, ila yeye hushuka baharini, akirudi mtoni kuzaa amejaa nguvu.

Tazama ubavuni: 3/8. Hiyo ni aunsi, kama gramu 10.5, na ni mzigo linaobeba, si uzito wa boya lenyewe. Chubwi ya gramu 7, jigi (ndoana yenye kichwa kizito) ya 3.5, basi, kinabaki kichwa tu juu ya maji. Ukipunguza chubwi, boya linapanda juu kama kizibo na samaki akionja huoni kitu.

Mpangilio ni huu: fundo la kuzuia kwenye mshipi (ndilo linalosimamisha boya kwenye kina unachotaka), ushanga, boya, ushanga mwingine, chubwi, swiveli (kiungo kinachozunguka), ugwe, yaani kipande cha mwisho cha mshipi, wa sentimita 45 hadi 60, jigi. Mshipi uwe wa kusokotwa, wa kuhimili ratili 30, kwa sababu unaelea. Ugwe uwe wa ratili 10: ukinasa kwenye mwamba unakatika huo tu, boya unabaki nalo.

Fundo ndilo lenye vituko. Lilainishe kwa mate kabla ya kulikaza, na mikia yake iache kama sentimita moja. Ukiikata mifupi sana inakuwa migumu, inakwaruza pete za fimbo kila unaporusha, fundo linahama. Na ushanga wenye tundu kubwa, uache dukani! Unapita juu ya fundo, na kina ulichopima kimekwenda.

Jigi ipite sentimita 30 hadi 45 juu ya mawe. Stilhedi hupanda kufuata chambo kuliko kukishukia. Sasa macho kwenye boya. Ncha ya juu ikilalia maji yanakokwenda, chubwi inaburuza chini: sogeza fundo kuelekea jigi, kama sentimita 15, urushe tena. Ikilalia yanakotoka, wewe ndiye unayelivuta, achia mshipi. Linalotakiwa ni boya wima, likienda polepole kidogo kuliko mapovu, maana maji ya chini hayana kasi ya juu. Mshipi ukilitangulia, uinue, uutupe upande wa juu wa mkondo.

Kwenye maji ya mita moja, mimi ningechukua boya la kubana, lisiloteleza kwenye mshipi. Hili huchelewa kusimama.