Nimelipia uchambuzi wa takwimu, nikapewa mzee mmoja

Hasira bado ninazo, mtanivumilia. Nilikuwa na rekodi za mazungumzo ya watu wa kaskazini mwa Uingereza na swali moja la tasnifu: nani husema "was" pale ambapo sarufi ya shule inataka "were", kama "we was", na kinachomsukuma ni nini? Nikaikabidhi ofisi moja inayochakata data za wanafunzi wa uzamili. Hela wanataka kwanza.

Majibu yalikuja upesi, grafu zinapendeza, sikatai. Eti umri ndio kila kitu: wazee husema "was", vijana hawasemi. Nikafungua jedwali lenyewe. Karibu nusu ya hizo "was" za wazee zimetoka kwa mzee mmoja anayependa kuongea! Kila sentensi yake imehesabiwa kana kwamba kaisema mtu mwingine. Mtu mmoja kapiga kura arobaini, halafu tunatangaziwa kijiji kimeamua.

Nikapiga simu. "Samahani kaka, mbona mzungumzaji hayumo kwenye modeli?"

"Dada, data ni data. Unataka matokeo au unataka kubishana?" Akakata.

Akakata! Na ninachouliza si kipya. Zamani ningeelewa: mwaka 1974 watafiti Cedergren na Sankoff walileta hesabu za kanuni geu, yaani za kupima kinachomfanya mtu achague umbo moja badala ya jingine, na Goldvarb, programu iliyofuata njia hiyo, haikuwa na namna ya kumpa kila mzungumzaji nafasi yake kama athari nasibu, yaani kuzingatia kwamba kila mtu ana mazoea yake. Lakini Rbrul, programu inayoweza hilo, ipo tangu 2009, tena bure. Mwaka 2012 wanaisimu Tagliamonte na Baayen walichukua "was" na "were" hizihizi za mji wa York, wakaonyesha kwa nini mtu mmojammoja hawezi kuachwa nje ya hesabu. Anayelipwa kwa kazi hii anapaswa kujua.

Nimerudia mwenyewe kwa modeli mseto, ile inayompa kila mzungumzaji nafasi yake. Umri umeyeyuka. Kilichobaki kimesimama ni sarufi: "there was" mbele ya nomino ya wingi, vijana kwa wazee.

Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya grafu na haraka yao. Hapana, mbili. Ingawa grafu ile nzuri ndiyo ingemfanya msimamizi wangu auamini uongo ule... Moja. Kabla hujalipa popote, uliza mzungumzaji wanamweka wapi kwenye modeli. Wakikuzungusha, ondoka na hela yako.